Fani na Maudhui ya Wasifukazi: Funzo Kutoka Mitaa ya Eastlands

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, wasifukazi si karatasi tu. Kwa kijana wa Umoja, Dandora au Kayole aliyehitimu na asiye na mjomba ofisini, kurasa hizo mbili ndizo zinazomtangulia mlangoni na kumsemea kabla hajafungua kinywa. Ajira yenyewe imekuwa adimu kama maziwa ya kuku. Je, ni ajabu kijana huyo akitaka kurasa zake zing'ae?

Kwa likizo tatu mfululizo nilichapa wasifukazi wa watu katika saiba moja ya mtaani. Walikuja walimu, wahasibu, mafundi wa umeme na washonaji. Wakongwe waliridhika na maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe. Vijana walikuja na simu zao, wamekwisha kuchagua violezo katika Canva, programu iliyozinduliwa mwaka wa 2013 na ambayo imempa kila mtu brashi ya msanii. Ombi lao lilikuwa moja: "Nataka inayoonekana."

Miongoni mwao alikuwamo jirani yetu, msanifu wa michoro aliyelelewa Jericho. Wasifukazi wake ulikuwa na usuli mweusi tititi, jina kwa manjano, na ujuzi wake umeonyeshwa kwa viduara vilivyojazwa nusu au robo tatu. Kwenye kioo cha kompyuta ulipendeza ajabu. Alipoitwa kwenye usaili, alikuta nakala zake zimetolewa fotokopi kwa ajili ya wasaili, na kila nakala ilikuwa bamba jeusi. Mmoja wa wasaili alimrudishia yake, akamwomba amsomee mwenyewe. Kazi hakuipata. Siwezi kuapa kwamba ni rangi iliyomnyima, ila najua kuwa dakika zake za kwanza alizitumia kueleza karatasi badala ya kujieleza yeye.

Wako watakaohitimisha kwamba rangi ni utoto na kwamba turudi kwenye nyeusi na nyeupe. Mimi sikubaliani nao. Eastlands inaujua ujasiri wa rangi kuliko mitaa mingi. Matatu zetu zilipakwa nyuso za wanamuziki na wanasoka hadi Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa na kila gari likatakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni. Michoro ilirejea baadaye kwa kishindo. Hata hivyo, abiria wa Buruburu huangaza macho akitafuta nambari 58 kwanza. Mchoro humvutia, lakini nambari ndiyo humwambia kama gari hilo litamfikisha kwake.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunao mfano wa karibu zaidi. Kanga ina pindo, mji na jina. Pindo na mji huruhusiwa kuwaka rangi zote, ilhali jina hukaa mahali pake panapojulikana, kwa herufi zinazosomeka. Msusi wa maneno ya kanga hakubali ua lipite juu ya ujumbe. Darasani tungesema kuwa fani imebeba maudhui, haijayameza.

Kutokana na haya, niliwashauri wateja wangu kwa mambo machache. Rangi moja kali yatosha, nayo ikae kwenye kichwa cha ukurasa na vichwa vidogo. Maelezo yawe meusi juu ya nyeupe. Nambari ya simu isifungiwe ndani ya picha. Ombi likitumwa kwa mtandao, safu moja ni salama kuliko mbili, kwa kuwa baadhi ya programu zinazochuja maombi huzichanganya safu na kutoa sentensi zisizo na kichwa wala miguu. Viduara vya ujuzi navyo viachwe: mtu akiandika "Kiswahili asilimia 90", ni asilimia 90 ya nini? Afadhali aseme amehariri jarida au amefasiri kijitabu. Kisha achapishe ukurasa kwa nyeusi na nyeupe, atoe fotokopi ya fotokopi hiyo, na amkabidhi mtu asiyemjua. Msomaji huyo akishindwa kuona jina, kazi inayoombwa na simu kwa kutupa jicho mara moja, usanifu haujaiva.

Ikumbukwe pia kwamba hadhira si moja. Afisi za umma aghalabu huwa na fomu zake, na hapo urembo hauna pa kukaa. Kampuni ya matangazo, kwa upande wake, huenda ikamshangaa msanifu aliyeleta ukurasa mkavu. Kuchagua rangi ni sawa na kuchagua rejesta: hatusemi barazani kama tusemavyo sokoni.

Wahenga walinena, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema vilevile, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hizi mbili hazipingani. Kijana wa Eastlands ana haki ya kuonekana, na hana sababu ya kuzima rangi alizokulia. Wajibu wake ni kuhakikisha kwamba anayeonekana ni yeye, wala si karatasi yake.