Si Kila Tofauti ni Mdudu

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa mmoja: tukilinganisha faili mbili na kuona mstari uliotofautiana, moyo unaenda mbio. Mara nyingi tofauti yenyewe ni nafasi tupu tu, au maelezo ambayo tarakilishi huyaruka. Programu inaendelea kama kawaida. Kromosomu za binadamu nazo ni vivyo hivyo.

Nilianza kusoma mambo haya baada ya shemeji yangu, mke wa kaka, kuharibikiwa na mimba mara mbili. Majibu ya maabara yaliandikwa 46,XX,inv(9)(p12q13), basi. Hakuna aliyemfafanulia. Nyumbani watu wakaanza kunong'ona kwamba ana "damu mbaya" na kaka atafute mwingine. Kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kompyuta, nikaletewa karatasi.

Tuisome pamoja. 46 ni idadi ya kromosomu, na ndiyo ya kawaida. (Wanasayansi waliamini ni 48 mpaka 1956, Tjio na Levan walipohesabu upya kule Lund, Uswidi.) XX ni mwanamke. inv ni kipande cha kromosomu ya 9 kilichogeuzwa juu chini, kikabaki palepale kiunoni. p ni mkono mfupi, q mkono mrefu. Hakuna kilichopotea wala kuongezeka, na sehemu hiyo imejaa maandishi yanayojirudiarudia. Katika kila watu 100, mmoja hadi watatu hivi wanayo. Wataalamu wengi huihesabu kuwa tofauti ya kawaida tu.

Basi mdudu wa kweli anatambulikaje? Swali la kwanza: je, kuna jeni zilizozidi au kupungua? Kromosomu ya 21 ikiwa tatu badala ya mbili huleta hali ya Down, kama Lejeune na wenzake walivyoonyesha mwaka 1959. La pili: je, watu wengi wazima wanayo? La tatu: je, imetoka kwa mzazi mwenye afya?

Hilo la tatu peke yake halitoshi. Kuna watu ambao kromosomu zao za 14 na 21 zimeungana. Wana 45, na ni wazima kabisa, lakini wanaweza kuzaa mtoto mwenye hali ya Down. Huyo ni mdudu aliyelala, anaamka programu inaponakiliwa.

Mama yake shemeji alipimwa. Anayo ileile inv(9), na amezaa watoto saba. Sababu ya mimba kuharibika haijapatikana, lakini minong'ono imekwisha.

Kwa hivyo msomaji, ukipewa karatasi kama hiyo, usiondoke na herufi tu. Omba kuonana na mtaalamu wa urithi, na umuulize maswali hayo matatu.