Mtihani wa Dada Yangu

Wengi wetu wa Kidato cha Nne tunadhani kwamba mtihani ni jambo la mwezi wa Novemba tu. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka dada yangu aliponitaka nimsaidie kujitayarisha kwa mtihani wake. Napenda kuwaeleza jinsi nilivyomsaidia vibaya na hasara iliyotupata, ili mwenzangu mwenye kosa kama langu apate kujirekebisha mapema.

Dada yangu ni muuguzi. Amemaliza stashahada yake na ana leseni, lakini hajapata ajira. Anajitolea katika zahanati moja humu wilayani Rungwe kwa posho ndogo. Mwaka jana aliamua kuomba kazi Uingereza. Huko muuguzi aliyesomea nchi kama yetu hutakiwa kwanza athibitishe kwamba anajua Kiingereza, na mtihani mmoja unaokubaliwa huitwa IELTS. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema, na kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 mpaka 9. Dada alihitaji 7 katika sehemu tatu, na katika kuandika 6.5.

Bibi yetu aliposikia habari hiyo aliuliza, "Na mimi nikiugua, nani atanichoma sindano?" Hakuna aliyemjibu. Swali lake halikuwa la kitoto. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kuwatafuta wauguzi katika nchi hizo, ila muuguzi anayeomba mwenyewe hazuiwi. Mdahalo juu ya jambo hilo tulikwisha kuufanya hapa shuleni, nami nilisema kwa ushujaa kwamba wabaki. Lakini nyumbani, nilipomtazama dada akirudi zahanati jioni na viatu vilivyojaa tope, na mfukoni hana kitu, ushujaa wangu ulikwisha.

Basi katika likizo ya Desemba tulianza kazi. Mimi hushika nafasi ya kwanza au ya pili katika Kiingereza darasani, kwa hiyo nilijifanya mwalimu. Mtihani wa kusikiliza una maswali 40, na sauti husikika mara moja tu. Tulikuwa na mazoezi katika simu ya dada, lakini mvua ya Tukuyu haina adabu: ilipopiga juu ya mabati hatukusikia hata neno. Tukahamia katika banda la ng'ombe, ambalo limeezekwa kwa nyasi. Humo tulikaa juu ya ndoo, mtamba wetu akitafuna majani ya migomba nyuma yetu. Huko bandani nilipata aibu yangu ya kwanza. Dada alipata majibu 29, na mimi mwalimu nikapata 17. Nilikuwa sijapata kusikiliza Kiingereza kwa nusu saa bila kukiona ubaoni.

Lakini sikujifunza. Kwa kuandika nilijiona bingwa. Katika sehemu hiyo mtahiniwa hueleza mchoro wa takwimu kwa maneno yasiyopungua 150, kisha huandika insha ya maneno yasiyopungua 250, yote kwa muda wa saa moja. Nikamwambia dada, "Usihangaike. Nitakutungia insha nzuri, uikariri, na swali lo lote likija utaigeuza kidogo." Nilifungua kamusi nikachagua maneno makubwa makubwa, nikayapanga kama askari wa gwaride. Dada aliikariri akipika, akifua, na akienda kazini. Hata mama, ambaye hajui Kiingereza, alisema insha ile ina mlio mzuri.

Mwezi wa Februari dada alipanda basi kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 850, akitumia akiba yake yote. Habari za matokeo nilizipata Jumapili ya kutembelewa wazazi, maana sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu. Dada alikuja na maziwa na ndizi za kuchoma. Alinisubiri nile kwanza, kisha akasema, "Mdogo wangu, kusikiliza 7, kusoma 7, kusema 7. Kuandika 6."

Nusu alama tu! Nilimwuliza swali lilikuwa lipi. Akasema lilikuwa mbali kabisa na insha yetu. Aliandika mwanzo wangu kama ulivyo, akajaribu kuugeuza, ukamkatalia. Alipotaka kuanza upya na mawazo yake, muda ulikuwa umekwisha. Hakunilaumu. Aliondoka akiwahi gari kabla ya giza, nami nikarudi bwenini nikajifunika blanketi mchana.

Kesho yake nilichukua nakala ya insha ile nikampelekea mwalimu wetu wa Kiingereza. Alisoma aya ya kwanza, akaweka kidole juu ya sentensi moja, akasema, "Kijana, niambie kwa Kiswahili, hapa umesema nini?" Nikajaribu, nikashindwa. Akaweka kidole juu ya sentensi ya pili, nikashindwa tena. Akanirudishia karatasi akisema, "Hata Mwingereza hatajua, kwa sababu wewe mwenyewe hujui." Ndipo alipoeleza kwamba wasahihishaji wa mtihani ule huitambua insha iliyokaririwa, na kwamba hutazama kwanza kama mtu amelijibu swali aliloulizwa, kisha mpangilio wa mawazo, msamiati na sarufi. Neno kubwa lisilo mahali pake hupunguza alama.

Jioni ile nilimwandikia dada barua ya kukiri kosa. Jibu lake lilikuwa fupi: mama ameamua kumwuza mtamba ili ada ya mara ya pili ipatikane. Mtamba huyo alikuwa azae mwaka huu, na maziwa yake ndiyo yangenunua daftari na sabuni zetu. Sikuweza kumaliza chakula siku ile.

Likizo ya Juni ilipofika, banda lilikuwa tupu, nasi tukakaa humo humo. Safari hii sikumtungia dada hata sentensi moja. Kazi yangu ilikuwa kushika saa na kuuliza. Tulianza na michoro. Mama huuza majani mabichi ya chai, na vikaratasi vya kituo cha kupimia huvitunza katika kopo. Tulijumlisha kilo za kila mwezi, tukachora mstari unaopanda wakati wa masika na kushuka wakati wa baridi ya Juni na Julai. Dada akaueleza mstari huo kwa Kiingereza kwa dakika 20. Hakukosa la kusema, maana kila kilo aliijua mgongoni mwake.

Kwa insha, nilimwuliza kwanza kwa Kiswahili, "Dada, kwa nini akina mama wajawazito huchelewa kufika zahanati?" Alijibu mara moja: mito hufurika, nauli ya bodaboda hupanda, na wengine husubiri ruhusa ya mume. "Lipi kubwa?" Akachagua. "Una mfano?" Akatoa. Kisha akayaandika hayo hayo kwa Kiingereza chepesi, jambo moja katika kila aya, kwa dakika 40. Insha yake ya kwanza ilikuwa na makosa mengi ya nyakati za vitenzi, lakini nilipoisoma nilimwona yule mama anasubiri kando ya mto. Katika insha yangu hakukuwa na mtu.

Katika kusema pia tulijirekebisha. Katika Kinyakyusa chetu hatuna sauti ya r, na dada alipochoka, neno la Kiingereza la kusali liligeuka kuwa la kucheza. Mwalimu alikuwa amenieleza kwamba si kosa mtu kusikika kuwa ametoka kwao. Kosa ni pale msikilizaji anaposikia neno jingine. Kwa muuguzi, neno jingine laweza kuwa dawa nyingine. Basi tulirudia maneno hayo mpaka bibi akatuuliza kama tumekuwa vyura.

Dada alifanya mtihani tena, na matokeo yamekuja. Sehemu tatu hakushuka chini ya 7, na kuandika amepata 6.5, sawasawa na iliyotakiwa. Bado hajaondoka. Kuna mtihani wa maarifa ya uuguzi mbele yake, na mwingine wa vitendo atakaoufanyia huko huko Uingereza. Kwa sasa angali anapita kwenye tope kwenda zahanati, na bibi angali anachomwa sindano na mjukuu wake. Kama nifurahi au nisikitike siku atakayopanda ndege, sijui. Labda vyote viwili.

Wenzangu, mimi nami nina mtihani wa taifa mwezi wa Novemba. Mtihani wetu wa Kiingereza ni wa kalamu tu. Hakuna atakayetusikiliza tukisema. Kwa hiyo ni rahisi sana kukariri insha za vitabu na kupita bila kusema jambo lo lote lililo letu. Nimezitupa insha zangu zote za kukariri. Sasa kila usiku, wakati wa kujisomea, hujiuliza kwanza kwa Kiswahili: nataka kusema nini? Nikikosa jibu, siandiki. Nikilipata, naandika kwa maneno niyajuayo.

Na nyumbani, mama ameniambia ng'ombe aliyebaki ana mimba. Nimemwomba Mungu azae jike.