Tunduma Kabla ya Pakiti za Mchuzi

"Shikamoo Shangazi. Hivi maharage haya yana nini? Yako jikoni tangu saa nne na bado magumu kama changarawe."

Binti wa kaka yangu ana shahada na jiko la gesi la plati nne. Nikamuuliza alianza na nini. Akajibu: nyanya, kitunguu, ndimu kidogo "ili ladha iingie", ndipo akamimina maharage. Nilicheka, halafu nikaudhika. Maharage yakikutana na uchachu kabla hayajalainika hukaza, na utamaliza mtungi wa gesi ukiyasubiri. Mtoto wa Kinyamwanga hajui hilo! Alipoona yamegoma akayatia pakiti ya unga wa mchuzi, na pakiti ina chumvi yake ndani, kisha akaongeza chumvi nyingine.

Nilikulia Tunduma, mpakani na Zambia, wakati reli ya TAZARA ingali mpya. Karibu na kwetu palikuwa na kibanda cha mzee mmoja tuliyemwita Babu tu, ingawa hakuwa babu wa mtu yeyote pale mtaani. Harufu ya kibanda kile ilikufikia kabla hujakiona: samaki wakavu wa Ziwa Rukwa, ugoro, magunia ya katani yaliyonyeshewa, na kapenta waliotoka Mpulungu wakapita Nakonde. Nyuma ya yote hayo kulikuwa na ukali wa magadi uliokukaa puani. Ukitumwa kwa Babu, hata nguo zilikusema ulikotoka.

Babu aliuza chumvi za aina mbili, nyeupe iliyokuja kwa lori, na ya kijivu, yenye uchungu kidogo, iliyotoka Ivuna. Hakumpimia mtu kabla hajamuuliza kwao wanapika nini leo. Ukisema mlenda, alivunja kipande cha magadi na kukuonya msizidishe. Ukisema samaki mkavu, alipunguza chumvi kwenye karatasi, hela akapokea ileile. "Mwambie mama aonje mchuzi kwanza. Samaki ana chumvi yake." Shilingi au kwacha alipokea zote. Kilichomkera ni mtu kuja kununua chumvi asiyejua inaenda kwenye chungu gani. Sisi watoto tulimwona mzee wa maneno mengi, tukawa tunamdanganya kila siku kwamba nyumbani ni kuku.

Wanasayansi wa mbali wanaijua Ivuna kwa jiwe lililoanguka pale kutoka angani mwezi Desemba 1938. Sisi tuliijua kwa chumvi. Udongo wenye chumvi ulichujwa kwa maji, na maji yale yakachemshwa hadi yakauke. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta kazi hiyo ina mamia ya miaka. Babu mwenyewe alifunga kibanda mwaka gani? Mama anasema kabla ya vita vya Kagera, kaka anabisha kwamba ni baada. Haidhuru.

Mama aliweka maharage na maji, na magadi yasiyozidi ukucha. Magadi hulainisha upesi, lakini yakizidi chakula hunuka sabuni. Kwa hiyo maharage yakishaiva ndipo alipotia nyanya, au ndimu za Kyela zikipatikana, uchachu ukate ule ukali wa magadi. Baada ya hapo karanga zilizotwangwa. Chumvi ilikuja mwisho kabisa, kwa sababu karanga huimeza: chungu kilichoonjwa kikawa sawa kabla ya karanga, baada yake kitakuwa dufu.

Mnavu nao, Mama alikuwa na namna yake ya kuupika. Alimwaga maji ya kwanza tu, akaongeza karanga na chumvi kidogo, maana chumvi hushusha uchungu ulimini. Hakutaka uchungu uishe wote. Ugali wa ulezi ukiwepo, pembeni palikaa maziwa ya mgando, na mboga siku hiyo haikutiwa ndimu kamwe. Ng'ambo, Nakonde, mashangazi zangu walipika mboga ya karanga vilevile, wakaiita ifisashi. Mpaka ulipita katikati ya ukoo na haukugusa sufuria.

Mafuta ya kupikia yalipoadimika madukani, sisi tulikuwa na karanga. Hatukuumia sana kama wa mjini.

Miaka ya 1990 ikaja na chumvi ya madini joto, na ile ya kijivu ikaanza kutazamwa kwa jicho baya. Walioitazama hivyo walikuwa na haki, maana pasipo madini joto huja rovu. Bibi yangu alikuwa na rovu, na wanawake wengi wa rika lake pia. Leo uende Vwawa au Itumba, kumwona kijana mwenye rovu ni nadra. Sitetei ujinga kwa kuwa una ladha. Hata chikanda tuliyoipenda, ile ya viazi vya okidi, karanga, pilipili na magadi, iliwafanya watu wachimbue milima ya Kitulo mpaka hifadhi ikatangazwa mwaka 2005.

Kisha pakiti zikaingia. Mji ukafura, tukapata mkoa mwaka 2016, na foleni ya malori imekuwa mtaa wenyewe. Pita leo kwa mama ntilie wanaowalisha madereva: maharage, nyama, kabichi, vyote vina rangi moja ya manjano na ladha moja. Siwalaumu sana, dereva ana haraka na mkaa ni ghali. Ila msiniambie kwamba huo ndio upishi wa kwetu. Anayetia unga uleule kwenye kila sufuria haonji tena, na asiyeonja anapika kwa kubahatisha.

Chumvi yenye madini joto ndiyo iliyopo kwangu, na sitaiacha. Magadi nayo bado yanauzwa sokoni Tunduma, kwa bei ndogo. Ukipita nunua kipande, na umuulize mwanamke mtu mzima anayekuuzia ni kiasi gani kwa sufuria ya maharage. Atakuuliza kwanza ni sufuria ya ukubwa gani.