Mkimbiaji na Mkimbizi



Lugha yetu ina neno moja linalonisumbua kila nivaapo viatu vya mazoezi. Neno hilo ni kukimbia. Anayeshindana uwanjani anakimbia. Anayetoka kijijini usiku kwa sababu ya mlio wa bunduki naye anakimbia. Wa kwanza tunamwita mkimbiaji, wa pili tunamwita mkimbizi, na yote mawili yamezaliwa na kitenzi kimoja. Wafaransa wana vitenzi viwili mbalimbali kwa mambo hayo. Sisi tunacho kimoja. Kwa hiyo katika mji wa Goma mtu akipita mbio barabarani alfajiri, watu hawamtazami yeye kwanza. Hutazama nyuma yake, waone anakimbia nini. Mama mmoja muuza makala aliniuliza siku moja, huku amekwisha kushika mzigo wake tayari: "Kuna nini huko?" Nilimjibu kwamba hakuna kitu, ni mazoezi. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeona homa usoni pa mwenzake.

Mazoezi yale yalikuwa ya mchezo wa triatloni. Ni mchezo wa kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia kwa miguu, mambo matatu kwa mfululizo bila kupumzika, na hata dakika unazotumia kuvua kofia ya maji na kuvaa viatu huhesabiwa. Nilikuwa nimekwisha kushindana mara chache katika umbali mfupi, yaani mita 750 za maji, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za miguu. Halafu ikasikika kwamba mwezi wa Agosti 2022 mashindano ya Ironman 70.3 yangefanyika kwa mara ya kwanza Rubavu, ng'ambo ya mpaka, kando ya ziwa letu lile lile la Kivu. Hesabu yake ni kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za miguu, jumla kilomita 113, ambazo kwa kipimo cha Waingereza ni maili 70.3. Umbali niliouzoea haufiki hata robo yake.

Na huo nao unaitwa nusu tu. Umbali mzima ulianzia Hawaii mwaka 1978, baada ya wanamichezo kubishana ni nani mwenye nguvu kuliko wote, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Tangu siku hizo wengi wamepita njia hiyo, na mmoja ningependa mumfahamu: Sista Madonna Buder wa Marekani, mtawa aliyeanza kukimbia karibu na umri wa miaka 50 kwa shauri la padri, na ambaye mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza umbali mzima huko Kanada. Ninapowasikia vijana wa miaka 20 wakisema wamechoka baada ya kupanga viti vya kanisa, humkumbuka yeye.

Kwangu mimi maji ndiyo yalikuwa shule kubwa. Wenyeji wa Goma tunaishi kando ya ziwa, lakini wengi wetu hatujui kuogelea. Tunalichotea maji kwa bidoni, tunakula sambaza zake, tunapanda mashua kwenda Minova na Bukavu, na mwili wetu haujawahi kulielea. Tena ziwa hili lina sheria zake. Katika mabonde madogo ya mawe ya volkano, karibu kabisa na ufuko, hujikusanya hewa mbaya tunayoiita mazuku. Ni gesi inayotoka ardhini, haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hulala chini kama maji katika bakuli. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hutawanyika. Imeua mbuzi, na imeua watu pia.

Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyenifundisha mahali pa kuingilia majini na saa ya kuingia. Aliniambia nitazame chini kabla ya kutazama ziwa: nikiona mjusi au ndege mdogo amekufa katika shimo, nirudi nyumbani, hata kama maji yanameremeta namna gani. Yeye mwenyewe alikuwa akirudi asubuhi kutoka kuvua kwa taa, na mitumbwi yao mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wenzake wakiimba ili makasia yaende sawa. Alinisindikiza kwa mtumbwi mdogo majuma mengi, bila kunidai kitu, akinicheka kila niliponyanyua kichwa juu sana kutafuta hewa. "Geuza shingo tu, kijana wangu," alikuwa akisema. "Maji hayana haraka na wewe." Katika vitabu vyote vya mchezo huu nilivyovisoma baadaye sikupata shauri bora kuliko hilo.

Baiskeli ilikuwa jambo jepesi zaidi, ingawa haikuwa jepesi moyoni. Mwanzoni nilikuwa nikipanda barabara ya kaskazini kuelekea Kibumba, mlima mrefu wa kutosha kumnyamazisha mtu yeyote. Huko ndiko wanakotoka vijana wa chukudu, wakishuka na magunia ya viazi na kabichi juu ya kipande cha mti chenye magurudumu mawili. Mimi nilikuwa nikipanda bila mzigo kwa gia kumi na nane, wao wanashuka na kilo mia kadhaa bila gia hata moja. Walinipigia miluzi ya kunitia moyo, nami niliona haya kidogo kupokea. Mapigano yalipofika upande wa Kibumba mwezi wa Mei mwaka ule, barabara ile ilijaa watu waliokuwa wakishuka na magodoro kichwani hadi Kanyaruchinya. Nikaacha kwenda huko.

Hapo ndipo swali lilipoingia ndani yangu, na nataka kuliandika kama lilivyokuwa. Je, ni halali mtu kulipa dola nyingi ili aruhusiwe kukimbia, wakati jirani zake wanakimbia bila kulipa? Fedha ile niliiweka akiba kutoka mshahara wangu kwa miezi kumi, haikuwa ya mtu mwingine. Lakini jibu hilo ni la mweka hazina, halimridhishi anayepita mbele ya turubai za wakimbizi. Wapo pia wenzangu katika kikundi walioniuliza inawezekanaje nivuke mpaka katika siku kama zile kwa ajili ya mchezo. Sikubishana nao. Ni swali la watu waliopoteza ndugu, na mtu wa namna hiyo hajibiwi kwa maneno ya michezo.

Nilimpelekea padri wetu neno hilo. Hakuniambia niende wala nisiende. Alinikumbusha kwamba Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya wapiga mbio, alikuwa akisema na watu waliokuwa na michezo ya Isthmia karibu na mji wao kila baada ya miaka 2, ambako mshindi alivikwa taji la majani yanayonyauka. Paulo hakuwacheka wale wanariadha. Aliona kujinyima kwao akataka kukitumia kama kioo. Kisha padri akaniuliza: "Hao vijana wa parokia, ni wangapi wanaojua kuogelea?" Nilihesabu, nikapata wanne. "Basi," akasema, "ukirudi utakuwa na kazi." Nakiri kwamba nilitegemea maneno marefu zaidi. Lakini nilipofikiri juu ya mashua zetu zinavyojazwa abiria wasiojua hata kuelea, niliona amenipa jambo la kulibeba.

Mashindano yalikuwa siku ya Jumapili asubuhi. Wengi wenu mnacheza mpira siku hiyo, kwa hiyo nawaambia kwa uwazi: Kanisa limeweka nafasi. Sheria yake, kanuni ya 1248, inasema kwamba Misa ya jioni ya siku iliyotangulia hutimiza wajibu wa Dominika. Mpaka siku hizo ulikuwa ukifungwa mapema, saa tisa alasiri, hivyo nilivuka Jumamosi mchana nikisukuma baiskeli, na jioni nikashiriki Misa ya Kinyarwanda. Nusu ya mahubiri sikuielewa. Lakini nilijua ni wakati gani wa kupiga magoti, na mzee aliyekuwa kando yangu alinipa mkono wa amani kwa mikono yake yote miwili.

Juu ya kuogelea nitasema machache: niligeuza shingo, sikunyanyua kichwa. Baiskeli ilikuwa mapando na matelemko, na upweke mwingi, kwa maana katika mashindano haya ni mwiko kwa washiriki wa kawaida kujificha nyuma ya mwenzako akukate upepo. Kila mtu auvunje wake. Nilikula vipande vya ndizi na kunywa maji ya sukari na chumvi kila baada ya nusu saa, hata pale tumbo lilipokataa. Mwili una akiba ya sukari isiyotosha safari kama hiyo, na anayengoja njaa ndipo ale amekwisha kuchelewa.

Ndipo zikabaki kilomita 21. Anayeshuka kwenye baiskeli baada ya kilomita 90 hukuta miguu si yake. Misuli imezoea duara, nayo sasa inadaiwa mstari ulionyooka. Sikuwahi kamwe kukimbia umbali ule baada ya kazi ya namna ile. Hata hivyo, kama kwenye kilomita ya tisa, jua likiwa kali juu ya ziwa, nilitambua kwamba miguu yangu iliufahamu umbali wenyewe.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kutapika moto, tuliamriwa kuhama sehemu kubwa ya mji. Barabara ya Sake ikajaa. Ni kilomita zipatazo 25, nasi wa mtaa wetu tulizikwenda kwa miguu, ardhi ikitetemeka chini yetu. Mama kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, mwenye umri wa kunizaa, alimbeba mjukuu mgongoni, sufuria kichwani, na mkononi picha ya Bikira Maria iliyofungwa kwa kitenge. Hakuna aliyetupimia muda. Hapakuwa na meza za maji kila baada ya kilomita kadhaa, wala watu wa kutupigia makofi. Tulipofika, alikuwa wa kwanza kutafuta kuni.

Pale Rubavu watoto walinyoosha mikono niwapige viganja, na kijana mmoja akanimwagia maji kichwani huku akinitaja kwa jina alilolisoma kwenye namba yangu kifuani. Nilikimbia nikimwaza yule mama. Sikulia kwa uchungu wa miguu. Nilimaliza kwa muda wa saa 7 na dakika 12, wengi wakiwa mbele yangu na wachache nyuma, nikavikwa medali, nikakaa chini ya mti pamoja na wengine, kila mmoja akinyamaza kwa lugha yake.

Jumatatu nilivuka kurudi, ikiwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Juma lililofuata, katika kikao cha jumuiya, waliniomba niwasimulie. Nilieleza ziwa, nikaeleza baiskeli, nikafika kwenye mbio. Mama yule alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua macho.

"Ni mbali kama kwenda Sake?" akauliza.

"Pungufu kidogo, mama."

"Na wewe ulibeba nini?"

"Sikubeba kitu, mama. Maji tu, nayo walinipa njiani."

Akacheka, akasogeza ungo, akanionyesha nafasi ya kukaa nimsaidie. Kisha akaniuliza madarasa ya kuogelea yanaanza siku gani, maana mjukuu wake amekwisha kufika miaka saba.