Orodha Isiyohesabu Walioondoka

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, orodha ya sekondari za serikali wilayani husambaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla sisi walimu hatujamaliza kuyachapa. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora kitaifa Januari 2023, lakini huku chini kupanga hakujakoma. GPA ya kila shule ipo mtandaoni. Mtu anazipanga kwenye kompyuta, kikao cha tathmini kinaitishwa, na sisi wa mkiani tunaambiwa tusimame tujieleze. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya kata.

Shule kama Ilboru na Kibaha hupewa watoto waliofanya vizuri sana darasa la saba. Sisi tunapokea waliobaki, tena waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, na sasa fizikia ni kwa Kiingereza. Nikisahihisha majaribio ya kidato cha kwanza, nakuta swali limenakiliwa lote mahali pa jibu. Mtoto si mvivu. Hajaelewa alichoulizwa.

Tulikuwa na binti mmoja wa namna hiyo. Alimaliza na divisheni ya nne ya pointi 26, akaikosa ya tatu kwa pointi moja. Kwenye jedwali la kikao alihesabiwa safu moja na mwenye pointi 33. Hakuna aliyeuliza alianzia wapi.

Kinachoniuma zaidi ni wasiohesabiwa kabisa. Chukua daftari la mahudhurio la kidato cha kwanza, uliweke kando ya orodha ya watahiniwa wa kundi hilohilo miaka minne baadaye. Mikondo minne imekuwa miwili. Wachache wamehama. Wengine wako machimboni, wengine wanauza mitumba mnadani, wasichana wengine wana watoto. Ada ilifutwa 2016, ila njaa ya mchana na kilomita za kutembea hazikufutwa. Na aliyeacha shule hana GPA, kwa hiyo kadiri wanyonge wanavyotutoka, ndivyo wastani wetu unavyopendeza.

Wapo walioliona hilo wakalitumia. Shule niliyofundisha zamani, wanafunzi dhaifu "walishauriwa" wakafanye mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Mtahiniwa wa kujitegemea hujilipia ada ya mtihani. Mmoja wao, niliyemfundisha hisabati, alikosa hiyo pesa na hakufanya mtihani kabisa. Mwaka huo shule ilipanda kwenye orodha, mkuu akapewa cheti cha pongezi.

Mzazi, ukiletewa orodha hiyo, nenda shuleni uulize walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi na waliofika chumba cha mtihani ni wangapi. Nanyi maofisa elimu, ongezeni safu hizo mbili kwenye jedwali lenu. Hesabu hizo tunazo, ziko kwenye madaftari yetu.