Doa la Maka Juu ya Maduara

Katika nyumba moja ya Kakola, senta iliyo kando ya mgodi wa Bulyanhulu, umo mgodi mwingine wenye kimo cha mtoto anayejiandaa kuanza shule. Umejengwa kwa mbao na plasta, kwa kipimo cha moja kwa elfu, hata shimo la wima la mgodi wenyewe, linalopita kina cha mita 1,000, likawa humo mita moja na ziada. Ubavu mmoja umeachwa wazi, ili mtazamaji aione barabara ya mteremko ikijizungusha kuelekea chini, na mshipa wa dhahabu uliopakwa manjano, mwembamba kama uzi.

Aliyeujenga alikuwa fundi wa chini ya ardhi. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku makinikia kusafirishwa nje ya nchi. Kabla mwaka haujaisha shughuli za mgodi zikapunguzwa, na wengi wakarudi makwao, naye akiwa miongoni mwao. Akauchonga mgodi kwa kumbukumbu, akaupaka rangi ya mafuta.

Jambo moja lilimkera: juu palikuwa patupu. Baba yake alichimba hapo kabla ya kampuni, pamoja na maelfu ya wachimbaji wadogo, hadi Agosti 1996 walipoondolewa kwa amri na maduara yakafukiwa. Madai ya kwamba wapo waliofukiwa wakiwa hai yametolewa na kukanushwa tangu siku zile, na mbao na plasta haziwezi kuyaamua. Yeye alitaka maduara tu yaonekane. Akayatoboa kwa msumari, akayawekea matimba ya njiti za kiberiti. Na kwa kuwa rangi ya mafuta ilikuwa imekwisha, akayapaka ya maji, masalia ya ukuta wa jirani.

Siku moja mjukuu wake alikuwa akiandika majina ya sehemu za mgodi kwenye vikaratasi. Maka, ile isiyofutika, ikamponyoka ikiwa wazi. Iligonga mnara wa winchi, ikabiringika juu ya maduara, ikaacha mstari mweusi.

“Babu, nimeharibu.”

“Niletee ile maka ya ubao mweupe.”

Dawa ya moto ni moto. Akaupitia mstari wa mnarani kwa maka ya pili, akafuta papo hapo kwa pamba kabla haijakauka. Wino wa pili una kiyeyusho kinachoulainisha ule wa kwanza, nao umetengenezwa usishike. Basi huondoka pamoja. Kivuli kilichosalia alikiondoa kwa spiriti kidogo, kwa kugusa bila kusugua, akibadili pamba kila mara, kwani pamba chafu hueneza doa. Rangi ya mafuta iliyokauka sawasawa huistahimili spiriti kwa muda mfupi. Tina ingeing'oa.

Kwenye maduara mambo yalikuwa mengine. Alijaribu kwanza spiriti ukingoni, pasipoonekana, na pamba ikarudi na udongo wote wa rangi. Kupaka upya juu ya doa nako hakufai: wino wa maka hupanda, na baada ya siku chache huchungulia tena, isipokuwa umezuiwa kwanza kwa vanishi. Na vanishi ingejaa vishimoni na kuyagandisha matimba. Fundi mwenye haraka angeziba, akapaka, akatoboa upya. Kuyaziba maduara yale mara ya pili, hilo mzee hakutaka hata kulisikia.

Watu wa visiwani hawatamshangaa. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulipotoweka baharini, umbo lake lilisalia katika mifano midogo ya mbao, na wanaotaka kujua ulivyokuwa huenda kuitazama hiyo. Mfano wa namna hiyo hausafishwi kama sahani.

Akachukua wembe, akaukwangua wino katikati ya shimo na shimo, punje kwa punje, jioni tisa mfululizo, mtoto akimshikia tochi. Maduara matatu wembe haukuweza kuingia bila kuvunja njiti. Hayo aliyaacha na weusi wake.

Wageni wakiuliza mbona yale matatu hayafanani na mengine, mzee hutaka kueleza, lakini mjukuu humtangulia: “Hiyo ni maka yangu. Ilinidondoka.”