Bodi ya Pini 1150

Nenda Luthuli Avenue na kompyuta iliyokufa, na kabla hujamaliza kueleza vile stima ilipotea ikarudi kwa nguvu, fundi atakukatiza: "Prosesa ni gani?" Si kukosa adabu. Jibu la swali hilo ndilo linaamua karibu kila kitu kitakachofuata, pamoja na kama utabaki na nauli.

Yangu ni Core i5-4590, ya 2014. Inakaa kwenye soketi ya LGA1150, na namba hiyo ni hesabu ya pini zilizo kwenye bodi. Prosesa za 2011 na 2012 zilitumia 1155. Tofauti ni pini tano tu, lakini haziingiliani hata ukibembeleza. Kwa 1151 mambo ni magumu zaidi: kizazi cha sita na cha nane vina soketi ya jina moja, ila bodi iliyotengenezewa cha sita haikubali cha nane. Kutoshea si kuelewana.

Mathee aliinunua kompyuta hii kwa mkopo wa chama nilipoingia chuo. Mashine ya ofisi, ex-UK, imara. Karo ilikwama mwaka wa pili, mimi nikatoka, yeye akaendelea kulipa chama miezi saba zaidi. Tangu hapo ndiyo inanilisha: naandika mahojiano ya watu kutoka kwa sauti, nahariri, natunga maelezo ya bidhaa ambazo sitawahi kununua. Ilipozima nilikuwa na kazi ya siku nne mbele yangu, na kodi ya nyumba ilikuwa inangoja hiyo kazi.

"Buda, hiyo ni ya makumbusho," rafiki mmoja aliniambia. "Weka bodi mpya."

Nikapiga hesabu. Bodi mpya inataka prosesa mpya. RAM yangu ni DDR3, pini 240. DDR4 na DDR5 zina 288, kwa hivyo RAM pia inaenda. Ukimaliza, cha zamani kilichobaki ni kasha na vumbi.

Njia ya pili ilikuwa bodi ya kawaida ya H81, iliyotumika. Soketi ni ileile, RAM ni ileile. Lakini zile za mwanzo, za 2013, huenda zikataka bayosi mpya ndiyo zitambue prosesa ya 2014. Tena mashine za ofisi zina tabia zake. Pawasaplai yangu ina plagi ya pini 8, bodi za madukani zinataka 24. Waya za kitufe cha kuwashia zimeunganishwa kwa plagi moja ambayo kiwanda kilijibunia. Na pawasaplai ya kawaida haiingii kwenye kasha jembamba kama langu.

Ikabaki kutafuta bodi ileile. Fundi wangu, dada mmoja asiye na maneno mengi, alijaribu kwanza pawasaplai nyingine, kisha RAM moja moja, mpaka akahakikisha bodi ndiyo imeenda. Akanionyesha stika yake. "Usitafute jina la kompyuta. Tafuta hii namba." Modeli moja inaweza kuja na kasha kubwa au dogo, na kila kasha na bodi yake.

Nikazunguka maduka sita na picha ya stika kwa simu. La sita walikuwa nayo. Nikamulika soketi kwa tochi nione kama kuna pini iliyopinda, nikaomba iwashwe mbele yangu, kisha ndiyo tukaongea bei. Walianza na 4,500, tukakutana kwa 3,800. M-Pesa ikaingia, mimi nikatembea kwa miguu hadi kwa fundi.

Mathee alipiga jioni hiyo. Siku hizi haulizi kuhusu chuo. Huuliza, "Ile kompyuta bado inafanya kazi?" na huwa najua anauliza nini.

"Inafanya. Nimebadilisha bodi tu."

Akanyamaza kidogo. "Na vitu vyako vilikuwa ndani?"

"Viko vyote, Mathee. Vilikuwa kwenye diski, si kwenye bodi."

"Haya basi," akasema. "Sasa kula, halafu ufanye hiyo kazi."